Namba Isiyopoteza Mtu

Jumanne, tarehe 1 Julai 1913

Daftari jipya. Nimelipata bomani, mchwa wamelila pembeni, hakuna aliyelitaka. Humu nitaandika mambo ya siri.

Mimi ni Makame bin Mohamedi, karani wa pili, boma la Dodoma. Nasema wa pili, lakini wa kwanza hayupo. Alihamishiwa Tabora mwezi wa nne na kiti chake kiko wazi, kinakaliwa na vumbi. Karani wa kwanza hupewa nyumba ya mawe nyuma ya stesheni. Vyumba viwili, juu bati.

Nyumba ile naitaka. Si kwa majivuno. Basi, kidogo. Mke wangu Stara yuko Bahi kwa mama yake tangu tulipomzika mtoto wetu, Jaha. Kaapa hatalala tena katika chumba alimofia mwanawe, na sisi chumba tunacho kimoja tu. Kasema siku ya arobaini niende mwenyewe, nisome khitima, tuondoe matanga, ndipo arudi nami. Lakini arudi wapi?

Kwa hiyo: kwanza nyumba, kisha arobaini, kisha Stara. Mpango safi.

Ijumaa, tarehe 4 Julai

Nimegundua kitu! Wino umemwagika kwenye kanzu.

Kila jioni nafanya hesabu. Za kugawanya, ndefu, zisizo na kazi. Nikiweka penseli chini nyumba inanyamaza, na kunyamaza kwake sikuwezi. Basi leo nimegawanya milioni moja kwa saba. Kwa nini saba? Kwa sababu Jaha alikuwa haitaki. Alikuwa na miaka mitano, akihesabu vifaranga uani: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, halafu moja tena. Nikimwambia saba ananitazama kama muuza duka anayetaka kumpunja.

Jibu: 142857, ikabaki moja. Laki moja arobaini na mbili elfu mia nane hamsini na saba. Namba ya kawaida tu, nikadhani. Nikaizidisha mara mbili nione: 285714. Nikasita. Mara tatu: 428571. Nikaenda kufunga mlango. Mara nne: 571428. Mara tano: 714285. Mara sita: 857142.

Ni tarakimu zile zile sita! Zimefuatana vile vile, ila aliyekuwa mbele amehamia nyuma. Watu sita wanabadilishana vigoda, na hakuna hata mmoja anayetoka mlangoni. Sita, halafu moja tena. Mwanangu alijua!

Nimelia kidogo. Ni moshi wa jikoni. Jikoni hakuna moto.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Namba hii ni yangu na nitaificha mpaka siku yake. Nimeizidisha kwa yenyewe, kazi ya jioni mbili: 20408122449. Nikaikata vipande viwili, 20408 na 122449, nikavijumlisha. 142857! Hata uivunje inajiokota.

Tatizo ni Elieza. Elieza ni karani wa tatu, Mgogo, kasomea misheni, mpole mno, na mimi siwaamini watu wapole mno. Leo nimempima kwa ujanja. Nikamuuliza, kana kwamba nauliza habari za mvua, kama amewahi kusikia namba inayozunguka. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba ni moja kugawanya kwa saba, padri aliwaonyesha ubaoni. Lo! Amechungulia daftari langu. Hakuna maelezo mengine.

Daftari sasa linalala ndani ya chungu cha mtama.

Nimemwonyesha pia Mazengo, mfugaji anayetuletea maziwa. Huyu si hatari, hasomi. Aliniamkia mbukwa, akaketi, nikamchorea tarakimu mchangani na kumweleza zinavyozunguka. Akatazama sana. Akasema kwao mbuzi akianza kuzunguka hivyo huchinjwa mapema. Kisha akauliza Mama Jaha anarudi lini, nami nikamwambia maziwa yake yana maji.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Habari kubwa! Jumamosi ijayo anapita Mkaguzi, Mdachi mwenye cheo, na gari la moshi la abiria kutoka Dar es Salaam. Atashuka hapa, atatukagua, atachagua karani wa kwanza. Gari litakaa saa nzima likinywa maji.

Nimepata njia. Maneno matupu hayamwingii Mdachi, anataka kuona chombo. Nitashona tarakimu zangu sita kwenye utepe na kuuzungushia tarbushi yangu. Mkaguzi atataja namba yoyote, nami nitageuza tarbushi tu kichwani, jibu likae mbele ya uso! Akitaja mbili, 2 inakaa katikati ya paji. Akitaja tatu, 4 inakuja mbele. Nimeandika yote kiganjani.

Utepe nimekata katika bafta iliyobaki ya sanda. Dukani walikata kwa kipimo cha mtu mzima, na yeye alikuwa mdogo. Ilibaki nyingi. Imekaa sandukuni tangu siku ile, na sikujua mtu huifanyia nini.

Nimepiga pia hesabu ya arobaini. Jaha alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni, saa nne asubuhi. Ongeza siku arobaini: tarehe 20 Julai, Jumapili. Jumapili boma limefungwa! Sihitaji ruhusa ya mtu. Jumamosi nyumba, Jumapili na gari la mizigo la alfajiri mpaka Bahi, khitima, na Stara nyuma yangu na sanduku lake. Mambo yakinyooka hivi mtu huogopa.

Jumanne, tarehe 15 Julai

Mwajabu, muuza kambale, kaja kutoka Bahi na kapu lake na ujumbe. Mama mkwe wangu, Bi Mwantum, ana bakuli. Siku ya msiba alitia humo kunde arobaini, na kila siku anatoa moja. Leo alipokwisha kutoa, Mwajabu kaona zimebaki nne. Stara ananiambia nipande gari la Alhamisi, nisichelewe.

Nimecheka. Kunde! Mimi nimesoma shule ya serikali Tanga. Kutoka leo mpaka tarehe 20 ni siku tano, si nne. Kunde moja imeliwa na kuku. Nikamtuma Mwajabu awaambie karani atakuja Jumapili, siku yenyewe hasa, hesabu imepigwa kwa penseli.

Mwajabu akasema yeye hajui penseli ila bakuli kaliona. Nikanunua kambale mmoja ili anyamaze. Nimemkaanga mwenyewe. Kaungua nje, mbichi ndani. Stara angemkausha juu ya moto kwanza, halafu nazi. Nimekula hivyo hivyo nimesimama.

Alhamisi, tarehe 17 Julai

Elieza kanifuata mezani. Eti kasikia kwa Mwajabu. Eti gari linaondoka saa nane, niende, kazi yangu ataifanya yeye mpaka nirudi, na bwana wa boma akiuliza atasema nina msiba. Uso wake ulikuwa wa huzuni kabisa.

Ujanja gani huu! Nikiwa Bahi Jumamosi, nani atasimama mbele ya Mkaguzi? Nikamjibu kwa upole kwamba namshukuru, na kwamba mtego wa panya huwa na karanga. Akanisaidia kunoa penseli.

Saa nane nimelisikia gari likipiga honi. Nilikuwa nashona tarakimu ya 7 kwa uzi mwekundu. Nimejidunga sindano mara mbili.

Jumamosi, tarehe 19 Julai

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Mkaguzi alishuka. Mtu mfupi, miwani, Kiswahili chake cha pwani kizuri kuliko cha Elieza. Tulipanga mstari chini ya kivuli cha stesheni. Nikatoka mbele, nikaeleza namba, nikamwomba ataje kizidisho. Akasema tatu. Nikageuza tarbushi: 428571! Mwandishi aliyefuatana naye akapiga hesabu kwenye karatasi, akakubali. Wapagazi wakapiga makofi. Akasema tano. Nikageuza: 714285! Mwanamke mmoja dirishani mwa gari akacheka kwa furaha. Nilikuwa mrefu wakati ule, walahi, nilikuwa mrefu kuliko tangi la maji.

Akasema saba.

Saba sikuiweka katika maelezo. Nilisema mbili mpaka sita, nilisema wazi! Nikageuza tarbushi mara moja, mara mbili. Ndani yake hamna tisa hata moja. Maana mara saba haizunguki tena. Mara saba wote sita wanaondoka, na mahali pao panabaki tisa, tisa, tisa, tisa, tisa, tisa. Nilijua. Nililijua tangu usiku wa kwanza na sikuliandika humu. Nikasimama na tarbushi imekaa upande.

Mkaguzi alicheka, bila ubaya. Akasema namba hiyo aliichezea shuleni alipokuwa mtoto, na kwamba ameipenda kofia. Kisha akauliza swali lake. Kutoka ukuta wa stesheni mpaka pampu ya maji ni mita elfu tatu. Nguzo za simu, moja kila mita sitini, ya kwanza ukutani hapa, ya mwisho kwenye pampu. Nguzo ngapi?

Swali la mtoto. Nikasema hamsini kabla hajafunga mdomo. Elieza akangoja, akasema hamsini na moja, kwa sababu ile unayoanzia nayo ni nguzo. Mkaguzi akampa mkono.

Unayoanzia! Unayoanzia umesimama nayo tayari, unaihesabia nini? Hila za misheni. Nyumba ya bati kapewa Elieza.

Haidhuru. Kesho Bahi. Stara ninaye bado.

Jumapili, tarehe 20 Julai

Gari la mizigo limenishusha Bahi saa tatu asubuhi. Nimevaa kanzu safi, msahafu kwapani. Kutoka relini mpaka kwa mama mkwe ni mwendo mfupi kando ya mbuga. Njiani nilikutana na wanaume wawili wamebeba sufuria kubwa la kuazima, wanalirudisha kwa mwenyewe. Wakanipa pole, wakapita. Sikuelewa.

Uani mikeka ilikuwa imekunjwa, imeegemezwa ukutani. Majivu ya mafiga yamepoa. Kuku wanadonoa wali uliomwagika. Nikamwamkia mama mkwe shikamoo, akaitikia marahaba, akaingia ndani. Bakuli lilikuwa kizingitini, tupu.

Jana walisoma. Walinisubiri mpaka alasiri, msomaji akasema watu wana njaa, mjomba wa Stara akakaa mahali pangu akasoma yeye.

Stara alitoka. Amekonda. Nikatoa karatasi niliyopigia hesabu, nikaanza kumweleza kumi Juni, ongeza arobaini, iko wazi, soma mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Stara sikuzote husikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

“Baba Jaha, na ile siku aliyokufa? Wewe hukuihesabu?”

Nikasema haihesabiwi, ndiyo ya kuanzia. Akasema, “Mimi kwangu ndiyo ya kwanza. Alikufa asubuhi, nikakaa naye mpaka jioni. Ilikuwa siku nzima.”

Mimi siku ile nilikwenda kununua bafta. Nilipima, nikapima tena, nikabishana na mwenye duka, nikakaa huko mpaka adhuhuri. Sikutaka kurudi nyumbani. Hilo silisemi kwa mtu.

Akauona utepe kwenye tarbushi. Bafta anaijua. Akanyoosha mkono akaigusa, akaona uzi mwekundu na tarakimu, akarudisha mkono. Hakulia. Aliniuliza kama nimekula, akaniletea wali wa jana, akaingia kwa mama yake.

Nimerudi Dodoma peke yangu.

Alhamisi, tarehe 24 Julai

Elieza kaja nyumbani kwangu na ufunguo. Eti yeye hana mke, analala kwa ndugu zake misheni, na vyumba viwili vya nini? Nihamie mimi, nimlete Stara, jina la nyumba libaki lake kwenye karatasi za boma na hakuna atakayeuliza. Akauweka ufunguo juu ya meza, kando ya chungu cha mtama.

Nyumba ile ile! Bati lile lile! Nikataka kumwita ndugu.

Lakini mtu ana heshima yake. Kulala chini ya bati la huruma? Ili kila mvua ikinyesha nisikie “hamsini na moja, hamsini na moja” juu ya kichwa? Nikamrudishia ufunguo. Nikamwambia karani wa kwanza wa kweli atajulikana.

Alipofika mlangoni akageuka, nadhani ili tusiachane vibaya, akasema padri aliwaambia kuwa kumi na saba nayo ina namba yake inayozunguka. Ndefu sana, tarakimu kumi na sita. Akasema huzunguka mpaka mara kumi na sita bila kupoteza hata mmoja.

Kumi na sita! Kwa nini hakusema mapema?

Jumanne, tarehe 29 Julai

Mwajabu kaja. Safari hii hakuweka kapu chini. Kasema maneno ya Stara kama alivyotumwa, nami nayaandika kama yalivyo. Mjomba wake anamchukua Tabora, wafunge Ramadhani huko. Watapanda gari la keshokutwa, Alhamisi, litakapofika Bahi. Kama nitakuwa ndani ya gari hilo, nishuke, naye atashusha sanduku lake na tutarudi pamoja, hata kwenye chumba kile kile, atajikaza. Kama simo, atapanda yeye, na talaka niitume nikipata nafasi. Hana hasira, Mwajabu alisema. Kasema anataka kujua tu.

Nimefurahi mpaka nimempa Mwajabu mtama wote wa chungu. Chumba kile kile! Stara wangu! Kesho nafagia. Nimefua kanzu. Kitanda kile kidogo nimekitoa uani, nikakirudisha ndani, nikakitoa tena. Sasa kipo mlangoni na mimi napita kwa ubavu.

Ila kwenda mikono mitupu nimekataa. Nimwendee mke wangu na nini? Na tarbushi ile? La. Nitamletea namba ya kumi na saba, nzima, imeandikwa vizuri. Hii haina saba ya kuiua karibu hivyo. Nitamwambia: Mama Jaha, tazama, wapo kumi na sita na wote wanarudi. Atafahamu. Nina siku nzima ya kesho, tele kabisa.

Alhamisi, tarehe 31 Julai

Kugawanya kwa kumi na saba si mchezo. Jana nilikosea mahali, nikaanza upya. Leo bomani niliomba ruhusa na Elieza alinisukuma nje kwa mikono yake mwenyewe, saa sita, akanifungia mlango wa ofisi. Gari saa nane. Nikapita nyumbani kuchukua msahafu tu na karatasi. Karatasi ilikuwa juu ya meza. Inaanza na sifuri, ajabu hiyo: 0588235294117. Zilibaki tarakimu tatu. Tatu! Nani anaondoka na tatu zimebaki? Nikaketi bila hata kuvua viatu.

Nilipiga ya kwanza, 6. Gari likapiga honi. Honi ya kwanza ni ya kuita tu, kila mtu anajua. Nilipiga ya pili, 4. Hapo nikamkumbuka anavyohesabu vifaranga, nikamsikia kabisa, sita halafu moja, na penseli nikashindwa kuiweka chini. Honi ya pili. Nikapiga ya mwisho, 7. Ikabaki moja, kama ilivyoanza. Imefunga! Nilipotoka uani moshi ulikuwa umeshafika upande wa Bahi.

Mazengo alikuwa anapita na ng'ombe wake. Akatazama kanzu yangu safi, akatazama reli, akawaswaga ng'ombe wake. Sikumwuliza.

Sivunjiki moyo. Mwanamke hapandi gari hivi hivi, na sanduku zito. Atatazama madirisha, hatanikuta, atasema labda kazi, atarudi kwa mama yake angoje. Na mimi ninayo namba nzima, tarakimu kumi na sita, hakuna hata moja iliyopotea. Jumamosi kuna gari jingine, nitakwenda nalo. Nimeshapiga hesabu: kutoka leo Alhamisi mpaka Jumamosi ni siku mbili tu.